Vizibo vya Ipogolo

Liberatus hakai kwenye kiti kabla hajakifuta. Anatoa leso mfuko wa nyuma, anaikunjua, anafuta pa kukalia na pa kuegemea, anaikunja tena taratibu, ndipo anakaa. Nilimtambua kwa hilo kabla sijamtazama usoni, nikashtuka kama mtu aliyekanyaga nyoka.

Alikuwa amekuja na mtoto wa kike, amemshika mkono. "Kamwene," akasema, maana mtu wa Iringa akifika Mbeya humsalimia kila anayemwona kwa lugha ya nyumbani mpaka ampate wa kumwitikia. Sikumwitikia. Nilimwamkia kwa Kiswahili. Umri wake ni wa kuwa baba yangu mdogo, na shikamoo haikwepeki hata kwa adui. Nilimpa kwa ncha ya ulimi, naye akaipokea kwa raha zake zote.

"Marahaba, mwalimu. Marahaba sana."

Kisha akanitazama. Nikangoja. Siku hiyo nilikuwa nimeiwaza kwa miaka, na kila nilipoiwaza, hapo ndipo uso wake ulipobadilika, akakosa pa kuweka mikono.

"Nakufananisha," akasema. "Uliwahi kukaa Iringa?"

"Nimepitapita."

"Basi nimekuchanganya na mtu." Akamsogeza mtoto mbele. "Huyu anaitwa Frida. Ni kitinda mimba wangu. Mimi siku hizi nafanya mchele, nautoa Madibira nauleta hapa Mwanjelwa, kwa hiyo tumehamia huku na mama yake."

Hakunikumbuka. Waliosema mtenda husahau, mtendewa hasahau, hawakukosea. Ningeweza kumsamehe mengi, hilo hapana. Mtu anakuvunjia maisha yako, halafu hata uso wako hakuona sababu ya kuutunza.

Wakati ule Liberatus alikuwa na shule ya chekechea pale Ipogolo, Iringa, karibu kabisa na barabara kuu, nami nilikuwa mwalimu wake. Vifaa alivyonipa vilikuwa chaki na fimbo. Sasa mtoto wa miaka minne utamfundisha namba kwa chaki? Namba ubaoni ni mchoro tu, kama mchoro wa kuku asiyemjua. Mtoto mdogo lazima ashike, apange, agawe, apoteze, atafute. Nikatazama kuna kitu gani Ipogolo kinachopatikana bila kuomba mtu, nikaona vizibo. Madereva wa malori wanaopumzika pale wakishakunywa, vizibo vinabaki vimekanyagwa kwenye tope nje ya baa. Jioni nikitoka kazini nilipita na mfuko, nikaokota. Nyumbani niliviosha kwa sabuni, nikavichemsha, nikavigonga kingo kwa jiwe visimkate mtoto. Vya soda vilikuwepo, lakini vya bia ndivyo vingi, na vya rangi ya dhahabu ndivyo watoto walivyovigombea.

Tulicheza navyo duka. Tulicheza mdako navyo: unachimba kishimo, unavijaza, unarusha kimoja juu, kabla hakijarudi mkononi umeshakomba vilivyomo, unarusha tena, unavirudisha vyote isipokuwa kimoja. Raundi inayofuata unabakiza viwili. Mtoto ambaye hajui hata kufunga kiatu alikuwa anajua kwamba watatu wakigawana sita hakuna atakayelia.

Liberatus zamani alikuwa mnywaji wa ulanzi wa kulala mitaroni. Akaapa mbele ya padri, akaacha, na kuacha kwake kukamgeuza hakimu wa dunia nzima. Maana mlevi aliyeacha ni mkali kuliko mtu ambaye hajawahi kuonja. Siku moja alimkuta mtoto na kizibo cha bia mkononi. Hakuniuliza kitu. Alikuwa mwenyekiti wa jumuiya yetu ya kanisa, ile inayosali nyumba kwa nyumba, akakingojea kikao.

Jumuiya Jumamosi ile ilisali kwetu, nyumbani kwa mama. Mama alikuwa amechemsha karanga na chai tangu alfajiri, ametandika mikeka, ameazima vikombe kwa jirani. Injili ikasomwa, tukaimba. Tulipofika kwenye matangazo, Liberatus akasimama na ule mfuko wangu, akaumwaga katikati ya mkeka. Bado nausikia ule mlio.

"Hivi vimekutwa darasani kwa watoto wetu," akasema. "Kila kizibo hapa ni chupa moja. Mwalimu wetu jioni anaonekana kwenye mabaa. Mimi sisemi neno. Hesabuni wenyewe."

Na kuna mtu alihesabu. Nilimwona, midomo inamcheza. Nilijaribu kueleza, nikaambiwa nisibishane na mwenyekiti mbele ya Neno la Mungu. Karanga hazikuliwa. Tangu siku hiyo zamu ya kusali kwetu ilirukwa, na mama yangu, aliyekuwa akianzisha nyimbo kigangoni kote, mpaka leo anasali rozari peke yake kitandani. Vitus, aliyekuwa anioe, alimtuma mjomba wake aje kutuambia tusubiri kidogo. Hata kunikataa kwa mdomo wake mwenyewe hakuwa na ujasiri. Nikapanda basi, nikaja Mbeya, na vizibo sikuvigusa tena.

Ndiye huyo sasa, amekaa kwenye kiti alichokifuta, ananieleza anachotaka.

"Nasikia watoto wako wote wanapita usaili wa ile shule ya kule juu."

"Wanapita."

"Na huyu nataka apite. Ila mwalimu, tuelewane. Nimechungulia hapo nje nikaona watoto wanacheza na kokoto. Mimi nilikuwa na shule, hii kazi naijua. Wangu usimchezeshe. Nataka ahesabu mpaka mia, Kiswahili na Kiingereza, bila kukwama. Akishika hilo, hakuna usaili utakaomshinda."

Wazazi wa namna yake huwa nawakalisha chini. Nawaambia kuimba namba si kuhesabu, ni kuimba tu. Nawaonyesha watoto wanavyogawana maandazi. Yeye sikumkalisha. Ile shule ya juu niliijua: pale hawamwambii mtoto ahesabu mpaka mia. Wanamwekea vitu mezani, wanamwambia nipe saba. Wanamwambia wagawie hawa wanasesere sawasawa. Mtoto aliyekaririshwa hukaukia hapo hapo.

"Sawa, mzee," nikasema. "Kama unavyotaka wewe."

Sijawahi kumtii mtu kwa furaha namna ile. Akutendaye mtende, nilijiambia. Nitampa alichokiomba, kwa mikono miwili, na siku ya usaili nitakuwa nimesimama karibu. Mtoto wake atakapokauka mbele za watu, nitamwambia jina langu, halafu nitamwambia: hesabu mwenyewe, mzee. Hiyo sentensi niliifanyia mazoezi nikikoroga uji. Niliijaribu kwa sauti ya juu na kwa sauti ya chini, nikaona ya chini inauma zaidi.

Darasa langu liko nyuma ya duka la Sakerbanu, ambaye Mwanjelwa nzima inamwita Mama Taslim kwa jina la binti yake mkubwa. Anauza maharage, karanga, dagaa na viungo, na stoo yake ya nyuma, pamoja na uwanja wake, alinipa nifundishie kwa sababu mjukuu wake Mujtaba alikuwa anamrarulia magunia dukani. Mama Taslim amezaliwa Mbeya, na ana ulimi ambao hata wachuuzi wa nyanya wanauogopa.

Frida nilimweka kwenye kiti karibu na mlango, mbali na mkeka. Alikuwa na sweta jekundu la dada yake, mikono imemzidi, na alipenda kutafuna ncha ya mkono wa kushoto. Wenzake walikuwa uwanjani wanapima mchanga kwa makopo, wanapanga kokoto, wanauziana maharage mabovu. Yeye alikuwa na mimi na sauti yangu. Moja, mbili, tatu. Wani, tuu, sirii. Nilimpa sheria moja: asiache mpaka nimwambie basi. Akifika mia na sijasema basi, aanze upya.

Mtoto yule alikuwa na kichwa. Alishika upesi, na sheria aliifuata kama amri ya kanisani. Siku nyingine nilisahau, nikawa nawafuta wengine makamasi, nikasikia kwa mbali yuko tisini na kitu, kisha akavuta pumzi, akaanza moja. Mtu mwingine akimwambia anyamaze hakunyamaza. Mujtaba alimzomea "basi, basi, basi" sikioni, wala hakupepesa. Alingoja ya kwangu.

Baba yake akawa hasemeki. Alimsimamisha juu ya magunia ya mchele pale sokoni, akawaita wenzake, mtoto akahesabu, wafanyabiashara wakapiga makofi. Akaniletea mchele. Mwalimu, akaniambia, wewe ndiye mwalimu wa kweli, si wale wa michezo michezo. Ule mchele niliupika nikaula, na ulikuwa mtamu kuliko mchele wowote niliowahi kula, kwa sababu niliula nikimcheka.

Kwetu kuna zamu ya uji. Anayeitwa mama wa uji, au baba wa uji, anatazama mkeka, anaona walioketi, anakwenda stoo kuleta vikombe vinavyotosha. Hakuna anayemhesabia. Akileta pungufu, kuna mwenzake atakayekosa, na watoto wakikosa uji hutoa elimu haraka kuliko mwalimu yeyote. Frida sikumpa zamu hata siku moja. Lakini kuna asubuhi Mujtaba alisema, "Frida anajua mpaka mia, alete yeye." Nikamwacha aende, nione.

Frida aliingia stoo, akatoka amekumbatia vikombe vyote vilivyokuwemo, vimemfika kidevuni. Vikamponyoka, vikatawanyika mpaka kwenye miguu ya wateja wa dukani. Watoto wakaangua kicheko. "Anajua mpaka mia lakini hajui tuko wangapi," Mujtaba akasema. Frida akainama, akaanza kuokota, na mikono ya sweta ilimsumbua.

Nilifurahi. Sitalipamba hilo. Nilimwona Liberatus mdogo ameinama anaokota kwenye vumbi, na nilifurahi mpaka nikageuka nisionekane.

Ila mtoto ni kitu cha ajabu. Unamnyima chakula mezani, anakula kwa macho.

Ilikuwa kipindi cha baridi, asubuhi ukungu umeshuka mpaka kwenye mabati. Watoto walikuwa wamezunguka kishimo cha mdako, zamu ya Mujtaba, na Frida kitini anaimba zake, yuko arobaini na kitu. Ghafla akanyamaza. Sikuwa nimemwambia basi. Nikageuka kumtazama.

"Zilikuwa kumi," akasema.

"Nini?"

"Kokoto. Zilikuwa kumi, sasa tisa. Moja iko chini ya mguu wa Mujtaba."

Mujtaba akakaza mguu, wenzake wakauinua, na kokoto ilikuwepo. Wakamzomea. Frida akatabasamu, nikaona ana pengo. Hakuna aliyemfundisha. Alikuwa amechukua maneno yangu makavu, akayavisha zile kokoto mwenyewe, kutoka mbali, siku baada ya siku, hali anaimba.

Kwa mwalimu mwingine hiyo ilikuwa siku ya kupiga vigelegele. Mimi niliona kitu kimoja tu, kwamba mtoto huyu atapita. Liberatus atatoka kwenye ule usaili kifua mbele, atasema aliwaambia, na mimi nitakuwa nimemtumikia kwa mara ya pili. Hasira ilinipanda mpaka nikasikia masikio yanawaka.

Nikamwendea. Nikamwinua, nikakigeuza kiti kikatazama ukuta, nikamkalisha tena.

"Kuhesabu ni huku," nikamwambia. "Umenielewa? Ukisikia kuhesabu, ni huku."

Akaitikia kwa kichwa. Hakulia. Akaweka ncha ya sweta mdomoni, akaitoa, akaanza moja.

Tangu siku hiyo alihesabu na ukuta. Akifika asubuhi alikigeuza kiti mwenyewe kabla sijamwambia, kwa adabu, kama mtu anayevua viatu mlangoni.

Mama Taslim alikuja kuchukua gunia la choroko, akasimama. "Huyu kafanya nini?"

"Hajafanya kitu."

"Mbona anaangalia ukuta?"

"Asisumbuliwe na wenzake. Ndivyo baba yake anavyotaka."

"Baba yake alikwambia ukuta?"

Nikamvuta pembeni, nikamsimulia yote, kuanzia vizibo mpaka karanga za mama. Alinisikiliza huku anapepeta choroko kiganjani. Nilipomaliza nikamwambia, "Akutendaye mtende, Mama Taslim. Hata wazee walisema."

"Kwenu mnaishia hapo? Sisi tulifundishwa na kipande cha pili. Mche asiyekutenda." Akapuliza makapi. "Yule pale kakutenda nini?"

"Wewe hukumwagiwa vizibo nyumbani kwa mama yako."

"Sikumwagiwa," akasema. Akaliburuza gunia lake hadi dukani, wala hakuniita nimsaidie kama kawaida yake. Nilikaa na hasira naye wiki nzima, kwa sababu mtu akikwambia ukweli siku ambayo huutaki, anakuwa adui wa pili.

Usaili ulifanyika kwenye ukumbi wa ile shule, wazazi na walimu tumekaa kwenye mabenchi pembeni, meza ya mtoto katikati. Nilivaa kitenge changu kipya. Mama Taslim alikuwepo na Mujtaba, amempaka mafuta anang'aa. Liberatus alivaa suti, na alilifuta benchi lote, hata pangu, akanikaribisha nikae karibu naye. Ndipo hasa nilipotaka kuwa.

Mwalimu msaili alikuwa Madam Dimple, binti wa hapa hapa mjini, mpole, anaongea na watoto kama anaongea na watu. Mujtaba aliitwa kwanza. Akagawa, akapanga, akabishana na mwanasesere mmoja kuwa ni mlafi, ukumbi ukacheka, akapita.

"Frida," Madam Dimple akaita.

Frida akaenda na sweta lake, akakaa. Madam Dimple akachukua mfuko wa kitambaa, akaumwaga mezani.

Niliujua ule mlio kabla sijaona. Vizibo. Vya soda na vya bia, vimeoshwa, vimegongwa kingo, vya dhahabu vimechanganyika na vyekundu. Nikamgeukia Liberatus. Hapa sasa, nikawaza, hapa lazima akumbuke, lazima anyanyuke aseme hivi ni vya baa.

Liberatus akaniinamia sikioni. "Unaona shule za maana, mwalimu? Hata vizibo wanavifanya vifaa. Huo ndio unaitwa ubunifu."

Namna nilivyomchukia mtu yule dakika ile, sidhani kama binadamu anapaswa kumchukia mwenzake hivyo.

"Frida," Madam Dimple akasema, "tuhesabu pamoja. Nipe vizibo saba."

Mkono wa Frida ukatoka ndani ya sweta. Nilimwona amechagua kile cha dhahabu kilichokuwa pembeni. Nilimwona macho yanatembea juu ya vizibo, moja, mbili, tatu, na nilijua anajua. Vidole vilikuwa vimebakiza upana wa kiganja kukifikia. Ndipo mkono ukasimama, akageuza kichwa, akanitafuta kwenye mabenchi mpaka akanipata. Alikuwa ananiuliza kama inaruhusiwa.

Ningeitikia kwa kichwa, basi. Hakuna kazi ndogo kuliko hiyo. Lakini neno ubunifu lilikuwa bado linanguruma sikioni, na harufu ya sabuni ya suti yake iko puani mwangu. Nilimtazama mtoto machoni, na kichwa changu sikukitikisa.

Frida akaurudisha mkono kwenye sweta. Akashuka kitini. Akakishika kile kiti kwa mikono miwili, akakiburuza kutoka kwenye meza, kikapiga kelele kwenye sakafu ya ukumbi ule, akakigeuza, akapanda, akaketi ametazama ukuta. Mgongo wake mdogo ukatuelekea sisi wote. Akaanza kuhesabu.

"Moja. Mbili. Tatu."

Kuna mzazi alicheka kidogo, akaacha. Madam Dimple akamfuata, akachuchumaa kando yake. "Frida, mbona umekuja huku? Vizibo viko kule mezani."

"Kuhesabu ni huku," Frida akasema, akaendelea. "Kumi na moja. Kumi na mbili."

"Nani alikwambia ni huku?"

"Mwalimu. Kumi na tatu."

Madam Dimple akainuka polepole, akatazama mabenchi. Hakukasirika, ingekuwa nafuu angekasirika. "Mwalimu wake yupo?"

Mama Taslim alikuwa anatazama mikono yake. Liberatus alikuwa amesimama, anatazama mgongo wa mwanawe, kisha vizibo pale mezani, kisha mimi, kisha vizibo tena. Ndipo uso wake ulipobadilika, kama nilivyouota miaka yote, na akakosa pa kuweka mikono.

"Evarista," akasema. "Wewe ni Evarista wa Ipogolo."

Alilijua jina langu. Sentensi yangu ilikuwa tayari, ile ya sauti ya chini. Nilifungua mdomo kuisema, na kilichokuwa mbele yangu si yeye, ni kisogo cha mtoto na nywele zake zilizosukwa na mama yake asubuhi kwa ajili ya siku hii.

Hakunipigia kelele. Aliniuliza mbele ya watu, kwa sauti ambayo sikujua anayo, "Huyu alikukosea nini?"

Kisha akaenda pale ukutani, akakaa sakafuni kwenye vumbi na suti yake, bila kufuta, akamshika mwanawe bega. "Inatosha, mama. Inatosha, twende nyumbani."

"Thelathini na nane," Frida akasema. "Thelathini na tisa."

"Asante, Frida," Madam Dimple akamwambia. "Umefanya vizuri. Tupumzike sasa."

"Arobaini."

Mujtaba, ambaye ndiye aliyeijua ile sheria, akasema kwa nguvu kutoka mapajani mwa bibi yake, "Hawezi kuacha, mpaka mwalimu." Ukumbi mzima ukanigeukia, kama walivyonigeukia wale wa mkekani kwa mama, tofauti ni kwamba hawa waliona sawasawa. Neno lenyewe ni fupi. Nilikuwa nimelisema kila siku bila kulifikiria, huku nafuta makamasi, huku nakoroga uji, na sasa kila nilipolitafuta nilikuta ile sentensi yangu tu.

Frida alifika mia. Akavuta pumzi, akaanza moja.